Kutoka Bungeni hadi kiti cha meya: niliyoyaona nikiandika mihtasari

Mama mmoja alipomaliza muhula wake wa ubunge wa viti maalumu mwaka 2020, kisha akachukua fomu ya udiwani, mjini kwetu walisema ameporomoka. Hesabu ya vyeo vijiweni haina utata: unaanza mwenyekiti wa mtaa, unakuwa diwani, ukijaliwa unakuwa meya, halafu unalitolea macho jimbo. Na mifano wanayo. Jerry Silaa alikuwa meya wa Ilala kabla ya kuwa mbunge wa Ukonga na baadaye waziri. Stanslaus Mabula alitoka umeya wa Jiji la Mwanza akaingia Bungeni kwa jimbo la Nyamagana. Abdallah Chaurembo alitoka umeya wa Temeke akaenda kuwa mbunge wa Mbagala. Huyu mama yeye alitoka Bungeni Dodoma akarudi kwenye kata yenye mitaro iliyoziba. Kuacha mshahara wa Bunge kwa posho ya diwani ya shilingi 350,000 kwa mwezi! Wapo waliodai amerogwa. Uchaguzi ulipokwisha, madiwani wenzake wakamchagua kuwa meya wa manispaa yetu.

Mimi nilikuwa mwandishi wa vikao. Ninaandaa makabrasha, ninaita wajumbe, ninahesabu akidi, ninaandika muhtasari, na mkutano ukiisha ninabaki kutafuta miwani za wazee waliozisahau mezani. Nimekaa pembeni ya mameya kadhaa. Huyu ndiye aliyenifundisha mengi kuliko wote, na jina lake nalihifadhi kwa sababu hajanituma nimwandike.

Nieleze kwanza jambo ambalo wananchi wengi hawalijui, na baadhi ya madiwani wapya hawalijui mpaka wameshaapa. Meya wa Tanzania hapigiwi kura na wananchi. Anapigiwa na wajumbe wa baraza, wakiwamo wabunge wa eneo hilo, na sharti mwenyewe awe diwani. Hasaini hundi. Hawezi peke yake kumwondoa hata mtunza stoo. Fedha na shughuli za kila siku ziko mikononi mwa mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais, ndiye afisa masuuli, yaani mwenye kuwajibika kwa matumizi ya fedha, na ndiye pia katibu wa baraza. Meya ana joho, ana mkufu, ana gari na dereva, na ana kiti cha mbele kwenye Baraza la Madiwani linalokaa kila robo mwaka na kwenye Kamati ya Fedha na Uongozi inayokaa kila mwezi. Basi. Mtu aliyezoea kuwa na jimbo, au walau kuitwa Mheshimiwa mbele ya kamera, anaweza kukaa kwenye kiti hicho mwaka mzima akijiuliza usukani uko wapi.

Na kiti chenyewe hakitulii. Waulizeni wa Dar es Salaam. Baada ya uchaguzi mkuu wa 2015, uchaguzi wa meya wa jiji uliahirishwa tena na tena kwa ubishi wa nani ni mjumbe halali na nani siye, hadi Isaya Mwita alipochaguliwa Machi 2016. Januari 2020 ikapigwa kura ya kumwondoa, na safari hiyo ubishi ukawa iwapo theluthi mbili inayotakiwa imetimia au haikutimia. Mwaka uliofuata, Februari 2021, Halmashauri ya Jiji yenyewe ikavunjwa na hadhi ya jiji ikahamishiwa Ilala. Ukirudi nyuma zaidi, mamlaka za miji zilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakati wa madaraka mikoani, zikaanza kurejeshwa 1978, na baraza la Dar es Salaam likavunjwa tena 1996 ikaundwa tume chini ya Charles Keenja, ambaye naye baadaye alikwenda kuwa mbunge wa Ubungo na waziri. Mbunge anaweza kushindwa kura za maoni, lakini ni nadra kuambiwa kwamba ofisi yake nzima haipo tena kuanzia leo. Nimekuwa nikiwaeleza mameya wapya historia hii kabla hawajaanza kuulizia rangi ya gari.

Kikao chake cha kwanza kilikuwa kigumu. Hoja ya ushuru wa soko ilikuwa mezani, diwani mmoja akasimama akachangia, na meya akamjibu. Akasimama wa pili, akamjibu. Wa tatu, akamjibu kwa takwimu, na kwa ufasaha kwelikweli, maana Bunge lilikuwa limemnoa. Kule unabonyeza kipaza sauti, una dakika zako chache, kengele ya kwanza inalia unaharakisha, ya pili unaunga mkono hoja na kukaa. Kila neno ni mashindano na muda. Hapa hakuna kengele inayomkatiza mwenyekiti. Kufika saa saba tulikuwa tumemaliza ajenda mbili, wakuu wa idara wamestarehe kwa sababu meya ndiye anayewajibia maswali, na madiwani wamenuna kwa sababu kila anayesimama anakaa akiwa ameshindwa.

Nikachana karatasi, nikaandika: "Mstahiki, mjumbe huchangia. Mwenyekiti huongoza." Nikaisukuma chini ya kabrasha lake. Aliisoma, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkono wa joho bila kuniangalia. Usiku ule nilijiona nimeshahamishiwa ofisi ya kata ya mwisho mpakani.

Kesho yake akaniita. "Kaka, ile karatasi yako nimelala nayo," akasema. "Niletee Kanuni za Kudumu. Nakala yenye maandishi makubwa, macho yangu si ya Dodoma tena."

Alizisoma kanuni zile kuliko nilivyozisoma mimi. Akagundua kwamba nguvu anayoitafuta ilikuwa kwenye ajenda ambayo mameya wengi huipitisha wakiwa bado wanatafuta kalamu: yatokanayo na kikao kilichopita. Asiyewahi kukaa kwenye baraza nimweleze. Ni jedwali lenye safu ya namba, safu ya agizo la kikao, safu ya utekelezaji na safu ya mhusika. Kwenye safu ya utekelezaji, miaka nenda rudi, tulikuwa tunaandika maneno yale yale: "Utekelezaji unaendelea." Choo cha soko kuu kilikuwa kinaendelea kutekelezwa tangu baraza lililopita. Kimeingia kwenye muhtasari, kimethibitishwa, kimesainiwa, kikao baada ya kikao, na akina mama wauza mboga bado wanalipa kwenye choo cha gesti ya jirani.

Akanipa agizo la mdomo kwanza, halafu akalipitisha kwenye kamati ili liwe na meno: maneno "utekelezaji unaendelea" yasionekane tena kwenye jedwali. Paandikwe tarehe, kiasi kilichotumika, kiasi kinachokosekana na jina la cheo cha mhusika. Kama hakuna kilichofanyika paandikwe "Haijafanyika", na mhusika asimame aeleze. Mkuu wa idara mmoja, mtu mzima anayejua kuzungumza, alisimama akaanza na utangulizi wa sera. Meya akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza neno moja tu: "Lini?" Yule bwana akarudia sera. Meya akauliza tena, sauti ile ile: "Lini?" Ukumbi ukacheka, na nadhani kicheko kile kilijenga choo kuliko mwongozo wowote nilioupiga chapa. Kilikamilika kabla ya mwaka wa fedha kwisha.

Naye alikuwa ameacha kuchangia. Akizungumza, anazungumza mwisho, kwa ufupi. Madiwani waliokuwa hawamwungi mkono wakaanza kumpenda kwa sababu rahisi kwamba sasa walikuwa wanasikika.

Kwenye fedha ndiko safari yake ya Bungeni ilimrudia kwa namna ambayo hakuitarajia. Juni 2016 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyohamisha ukusanyaji wa kodi ya majengo kutoka halmashauri kwenda TRA, Mamlaka ya Mapato ya serikali kuu. Mwaka 2017 ada za mabango nazo zikafuata njia hiyo. Yeye alikuwa ukumbini, na alisema ndiyo pamoja na wenzake. Hoja za serikali zilikuwa na uzito wake: halmashauri nyingi zilikuwa zinakusanya ovyo, na mfumo mmoja ungesaidia. Sasa, kwenye Kamati ya Fedha, mweka hazina akamfungulia jedwali la mapato ya ndani la miaka kadhaa, akaweka kidole pale ambapo safu ya kodi ya majengo inakatika. Mama akakaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Siku ile tulichangia juu ya TRA. Hakuna aliyetuletea hiki kidole chako."

Jambo hili limenikaa. Mbunge hukutana na bajeti mwezi wa nne hadi wa sita, ikiwa imeshapikwa na kupakuliwa. Meya hukutana nayo tangu ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha fedha, unaposhuka kutoka serikalini, wakati kata zinapigania kuingiza hata zahanati moja, na hukutana nayo tena mwishoni pale kifungu kinapokuwa na kiasi kwenye karatasi na sifuri kwenye akaunti. Ni fedha zile zile, lakini anayeziona upande mmoja tu anaweza kupiga kura kwa nia njema kabisa na asijue anamkata nani. Siamini kwamba kila mbunge lazima apitie udiwani. Naamini tu kwamba kila muswada wa fedha ungefaa kusomwa na mtu mmoja anayejua ushuru wa huduma, ambao wakati ule ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo ya makampuni, unavyohangaikiwa mlango kwa mlango ili gari la taka lipate mafuta.

Agosti 2021 kodi ya majengo ikaanza kukatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mikutano ya hadhara ikawaka moto. Mpangaji anasimama na kuuliza kwa nini akinunua umeme anamlipia mwenye nyumba kodi ya jengo. Mkutano ni wa meya, kipaza sauti ni cha manispaa, lakini kodi si ya manispaa. Meya mwingine angesema "hilo si letu" na kuendelea. Yeye alikuwa anaeleza ilivyoanza, akieleza kwamba kwenye sheria ile ya 2016 na yeye alikuwa sehemu, kisha anamwonyesha mpangaji namna ya kudaiana na mwenye nyumba. Walimzomea mara chache, lakini hawakumwita mwongo.

Ahadi ndizo zilizomsumbua zaidi. Mbunge akisema "nitalisemea" ametimiza, maana kazi yake ni kusema, na swali la nyongeza likijibiwa na naibu waziri linaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na kupelekwa jimboni kama zawadi. Meya akisema "nitalishughulikia", wiki ijayo kuna mtu mlangoni. Mwanzoni alikubali kalavati kwenye mtaa mmoja unaojaa maji kila masika. Watu wakapiga makofi. Tukiwa kwenye gari akaniuliza lipo kifungu gani. Nikamwambia halipo kwenye kifungu chetu chochote: tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara hizo, na meya anaweza kuziombea lakini hazipangii fedha. Alijua hilo, alikuwa mbunge lilipoanzishwa. Mdomo tu ulikuwa umezoea.

Tangu hapo meneja wa TARURA wa wilaya akawa anaalikwa kwenye kila baraza na kupewa nafasi ya taarifa, na madiwani wakawa wanaleta barabara zao kwa mpangilio wa vipaumbele. Ilipoongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta mwaka 2021 kwa ajili ya barabara hizo, orodha yetu ilikuwa tayari. Kalavati lile lilichelewa hata hivyo. Masika mawili watu wale walivuka kwa magogo, na kila walipomwona walimkumbusha makofi yao.

Sasa nije kwa mbunge wa jimbo, kwa sababu hapo ndipo mameya wengi huharibikiwa. Mafahali wawili hawakai zizi moja, wahenga walisema, na zizi letu ni dogo kweli: mbunge ni mjumbe wa baraza, anakaa kwenye viti vile vile, anasikia meya akisifiwa, na anajua kalenda ya uchaguzi ijayo. Kama meya amewahi kuwa Bungeni, wasiwasi unakuwa mara mbili. Kuna manispaa ambazo madarasa yamekaa maboma miaka kwa sababu wakubwa hawa wawili hawakubaliani nani atakata utepe.

Kwetu kulikuwa na shule ambayo wananchi walikuwa wamenyanyua boma la madarasa kwa nguvu zao hadi usawa wa lenta, wakaishiwa. Mbunge anaongoza kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ule wa sheria ya 2009. Meya ana mapato ya ndani, hata kama yamekonda. Mama akaenda kumwona mbunge nyumbani, jioni, bila msafara. Sikuwapo, ila kesho yake akaniambia niandike barua: bati na mbao za kupaua zitoke Mfuko wa Jimbo, saruji na madirisha yatoke manispaa. Ilipofika siku ya kuandika kibao cha uzinduzi, fundi aliniuliza jina la nani lianze juu. Nikampigia simu meya nikitarajia mvutano.

"Andika la mbunge juu," akasema. "La kwangu liwe dogo, lakini tarehe iwe kubwa."

Niliona ni ujanja wa kisiasa, na kwa kiasi ulikuwa. Mbunge yule alianza kutetea bajeti yetu kama ya kwake. Meya alikuwa anaujua mlango upi wa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia halmashauri, wa kugonga na mwezi gani wa kuugonga, lakini aliyeingia kugonga mara nyingi alikuwa mbunge. Watumishi tuliokuwa karibu ndio tuliojua nani ameandika hoja zile.

Haikuwa kazi ya malaika. Alikuwa na hasira ya ghafla, alichagua vipenzi miongoni mwa watendaji wa kata, na hakupenda kabisa kuambiwa kwamba naibu meya, ambaye huchaguliwa upya kila mwaka, ana mawazo mazuri. Kuna mtumishi wa mapato aliyekuwa anatumia fedha mbichi, yaani anakusanya kwa mashine ya POS na kukaa nazo bila kupeleka benki. Ushahidi ulikuwa wazi kwenye taarifa ya mwezi. Meya alitaka atajwe jina kwenye mkutano wa hadhara siku hiyo hiyo, kwa moto ule wa Bungeni. Mkurugenzi akakataa, akataka taratibu za nidhamu zifuatwe. Walivutana mbele yetu. Mkurugenzi alishinda, na nadhani alikuwa sahihi: shauri lilikwenda hadi mwisho bila kutenguliwa hata siku moja kwa makosa ya utaratibu, na sehemu ya fedha ilirudi. Meya alikaa wiki nzima akinisalimia kwa ufupi, kana kwamba mimi ndiye niliyeandika Kanuni za Utumishi.

Kwa upande wangu, kilichobadilika ni namna ninavyosikiliza hotuba za wanasiasa. Zamani nilipima kwa makofi. Sasa mtu akihutubia najikuta naweka kila sentensi kwenye lile jedwali: agizo, mhusika, tarehe. Hotuba nyingi hazijazi hata mstari mmoja. Mke wangu amenikataza kufanya hivyo kwenye harusi.

Katika wale waliowahi kushika umeya wa Dar es Salaam yupo mmoja ambaye ningelipa nauli kusoma mihtasari ya vikao vyake: Sheikh Amri Abedi, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa jiji lile, kisha mbunge na Waziri wa Sheria baada ya Uhuru, na mshairi aliyejua vina na mizani kuliko wengi. Alifariki 1964 akiwa bado kijana wa miaka arobaini. Mtu aliyezoea kubana wazo zima ndani ya mishororo minne, nadhani asingevumilia "utekelezaji unaendelea" hata kwa kikao kimoja.

Mabaraza yalipovunjwa Juni 2025 kupisha uchaguzi, kila mtu alimtazamia achukue fomu ya ubunge. Hakuchukua, wala udiwani hakurudia. Anasema amechoka na ana mashamba. Vijana wanamfuata nyumbani kumwomba awaelekeze njia ya kufika Bungeni, na nimewahi kukuta watatu barazani kwake kwa mpigo, mashati yamepigwa pasi. Anawasikiliza wote. Halafu anamwambia kila mmoja aende ofisi ya mtaa wake, aombe muhtasari wa mkutano wa mwisho, ausome wote, kisha arudi waongee. Nilimuuliza juzi ni wangapi wamerudi. Akasema mmoja, na huyo alirudi kulalamika kwamba muhtasari haupo.

"Huyo," akaniambia, "namtafutia kata."